Daktari wa Minnesota alisema TABLE, mimi nikaleta mashine ya kuchimba kisima

Wakuu, chamgei tugul, salamu kwenu wote.

Mimi nimefika mahali ambapo hakuna kitu hii dunia inaweza kuleta nishtuke. Nimeuziwa ng'ombe kipofu soko ya Chebunyo, nikamrudisha kwa mwenyewe na nikatoka na pesa yangu yote. Nimeona canter yangu ikiteremka mlima bila dereva, ikapita katikati ya mbuzi za watu na hakuna hata moja iliguswa. Nimekuwa mchuna majani, nimekuwa turnboy, nimekuwa dereva. Leo niko na canter mbili, hardware hapa Litein, na ekari nne ya chai imelala kama zulia.

Shule niliachia darasa la sita.

Kwa hivyo nikiwaambia kuna neno moja ya Kiingereza, ile watoto wa nursery hufunzwa na picha, ilinikalisha kwa sofa ya mtu mdomo wazi, mjue haikuwa mambo ndogo.

Neno lenyewe ni TABLE.

Nitaeleza vile ilikuwa bila kuongeza maji kwa maziwa. Pale nilikosea nitasema nilikosea. Si mahali pengi.

Sasa.

Mimi nimezaliwa upande wa Chebunyo, kule chini ambapo chai haimei. Sisi wa kule tunapanda huku juu Kericho na Litein kutafuta kazi, tunarudi nyumbani Krismasi na matanga. Huku juu mvua inanyesha mpaka unaikasirikia. Kule kwetu unaweza kukaa miezi mitatu ukiangalia wingu zikipita kama wageni wa jirani.

Mama yangu bado anaishi kule. Nimemwambia mara ngapi aje Litein, nimemjengea hata chumba. Alikuja akakaa siku nne. Siku ya tano nilipata amefunga nguo zake kwa leso.

"Weri," ananiambia, yaani kijana wangu, "huku kuna baridi, na watu wenu hawasalimiani."

Basi akarudi.

Shida ya kule ni maji. Kuna silanga moja, hiyo dimbwi kubwa ya kuchimbwa, iko mbali na ng'ombe zinakunywa hapo hapo. Nilimnunulia mama tanki ya lita elfu tano. Mvua haikuijaza. Nikawa natuma lori ya maji kutoka juu. Lori ikimwaga asubuhi, kesho jioni tanki ni kavu. Nauliza maji imeenda wapi. Mama amegawia kijiji yote. Namuuliza kwa nini, ananiangalia kama mimi ndio mgonjwa.

"Kwa hivyo nikunywe nikiwaangalia?"

Hapo mtanisaidia kujibu.

Halafu kiangazi ya mwaka juzi akateleza kwa matope ya silanga, mkono ikavunjika hapa kwa kifundo. Tukampeleka hospitali ya Kaplong, wakamfunga plasta vizuri, hiyo siwezi lalamika. Lakini wakati nilimuona amelala hapo na matope bado kwa miguu, mimi mtu wa canter mbili, niliona aibu ambayo sijawahi ona. Nikaapa kiangazi ingine haitampata akienda silanga.

Hiyo ndio stori yote wakuu. Kisima. Mengine yote ni njia ya kufika kwa kisima.

Tuko na kikundi ya watu wa kwetu, kama arobaini hivi. Wengine wako Sotik, wengine Kericho, wengine kwa mashamba ya chai, na wachache wako Amerika. Wa Amerika ni wachache lakini mchango yao ndio inaonekana. Kiongozi wao ni mtu tunamwita Daktari. Si daktari wa sindano, ni ule wa kusoma mpaka vitabu vikaisha. Yuko Minnesota miaka ishirini na mbili. Anaongea Kiingereza ukifunga macho unafikiri ni habari za usiku.

Mimi ndio chairman. Nilichaguliwa bila mpinzani. Hiyo nimeiweka tu, endeleeni kusoma.

Katibu ni Mwalimu Langat, mzee amestaafu, mkono yake ni ya kuandika kama chapa. Ndiye alinifunza darasa la tano na la sita, na ndiye alikuja nyumbani kunitafuta nilipoacha. Sikurudi, lakini alikuja. Hiyo sisahau.

Kulikuwa na pesa ya mradi tayari kwa akaunti. Survey ilikuwa imefanywa, na mtu wa survey akasema mahali pazuri ni kwa kiwanja ya shule ya msingi, hatua kidogo kutoka kwa mama. Msiniangalie hivyo. Survey si mimi nilifanya.

Tukaitisha mkutano hapa Litein, kwa hoteli moja ya ghorofa, chai na chapati juu yangu. Ilikuwa mwezi wa tisa. Daktari alikuwa kwa TV, kwa Zoom, sura yake kubwa kama ng'ombe imechungulia dirishani.

Nikasimama nikatoa hoja yangu. Tuchimbe kwa shule, tuchimbe sasa, kabla kiangazi. Niliongea Kiswahili, nikachanganya na Kipsigis pale ilikuwa inauma. Niliongea vizuri. Hata mama mmoja alipangusa macho.

Daktari akatoa koo.

"Excellent presentation, Chairman. I move that we table it."

Mtu mwingine wa Amerika akasema, "Seconded."

Wakuu, tulipiga makofi! Tulipiga hiyo makofi mpaka mwenye hoteli akachungulia. Mimi nilikuwa wa kwanza na wa mwisho. Mwalimu akaandika kwa kitabu: hoja ya kisima, TABLED.

Leo nikifikiria vile Daktari alituona kwa hiyo TV. Yeye amesema tuiweke kando, na sisi tunashangilia kama tumefunga bao. Lazima alijiambia hawa watu wa nyumbani wanapenda kupumzika.

Ngoja niwaeleze kwa nini mimi nilipiga makofi.

Neno ya kwanza ya Kiingereza nilijua maishani ni hiyo table, na sikuijulia shuleni. Niliijulia kwa majani. Kama umewahi kuchuna unajua. Mti wa chai unakatwa juu iwe sawa kama meza, na hiyo sura ya juu inaitwa table. Supervisor alikuwa anatembea na fimbo ndefu, anailaza juu ya mti kuona kama iko level. Ukichuna ovyo, table ikaenda shimo shimo, anakufokea mbele ya watu. "Wewe! Angalia table!" Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne na kikapu mgongoni, na kwetu hatukuwa na meza ya miti. Tulikuwa tunakula kwa magoti. Kwa hivyo kwa muda mrefu nilifikiria watu wa mjini ndio waliiga jina ya meza kutoka kwa chai. Msicheke. Kama hujaona meza na umeona chai, utafikiria nini?

Kwa majani, kitu ikifika table ni ya kuchunwa. Haina story ingine. Jani imepanda, imetokeza, chuna.

Kwa hivyo Daktari akisema table it, mimi nilisikia: imefika, chuna.

Na si mimi pekee. Kwa siasa yetu hapa Kenya tunasikia kila siku kwa redio, report imekuwa tabled bungeni. Maana yake imeletwa mbele ya watu. Ukumbi mzima ulisikia hivyo.

Sasa nilisema nitasema pale nilikosea, na hapa ndio pahali.

Baada ya makofi Daktari aliongeza kitu. Alisema, "Then in December, when I'm home, we look at it properly." Mimi nikajiambia anasema sherehe ya kufungua. Hiyo ndio nilijiambia. Lakini kuna kitu kidogo kwa tumbo ilisema, uliza huyu mtu anamaanisha nini. Sikuuliza. Nilijua nikiuliza naweza kupata jibu sitaki. Niliona ile mkono ya mama na nikanyamaza, nikaitisha chai ingine.

Basi.

Sheria ya kikundi, Mwalimu mwenyewe aliandika, inasema hivi: kitu ikiwa tabled, na siku kumi na nne zipite bila mwanachama kupinga kwa maandishi, imepita. Aliweka hiyo kwa sababu watu wetu wanakubali kwa mkutano halafu wanaanza kulia kwa WhatsApp baada ya mwaka.

Siku kumi na nne zikapita. Hakuna aliyepinga. Siku ya kumi na tano Mwalimu akaandika kwa group: hoja ya kisima imepita. Watu wakaweka dole gumba. Daktari hakuweka kitu. Baadaye alisema alikuwa amenyamazisha group kwa sababu ya watu wanatuma good morning na maua.

Deposit ikatumwa, hiyo ndogo haihitaji sahihi ya Daktari. Mimi nikapigia kampuni ya kuchimba, nikafuata lori yao mwenyewe na canter yangu kutoka barabara kuu mpaka shuleni. Rig, ile mashine ya kuchimba, ikasimama kwa kiwanja, ndefu kuliko mti wowote wa kule. Watoto wakaimba. Mtu mmoja akapiga picha akaitupa kwa group.

Saa hiyo hiyo simu ya Minnesota ikaingia.

"Chairman, who authorised this?"

"Si wewe?"

Nikasikia akivuta kiti.

"Me?"

"Wewe ndio ulisema table it. Na tulikupigia makofi."

Wakuu, huyo mtu alipandisha hasira. Alituma voice note ya dakika nne kwa group. Alisema alisema table, na table ni kusimamisha, kila mtu amesoma anajua. Akasema hii ni mambo ya procedure, si mambo ya kuuza misumari kwa kilo. Akasema kama chairman aliachia shule darasa la sita, katibu alikuwa na kazi ya kumsaidia. Halafu akafunga: pesa iliyobaki haitatoka bila sahihi yake, na sahihi yake haiko.

Misumari kwa kilo. Hiyo ilinifikia. Lakini niliuza misumari na bei nzuri siku hiyo pia, mjue.

Mwenye rig alikuwa Kamau, fundi wa makamo, mtu mpole. Akaniambia, "Mzee, mimi nitangoja siku tatu. Niko na kazi ingine upande wa Narok. Nikitoka hapa, kurudi ni mwaka ujao."

Mwaka ujao ni baada ya kiangazi kuanza.

Kwa hivyo siku tatu. Rig iko kwa kiwanja, mama yuko hatua kidogo anaiangalia, na kitu imesimama katikati ni neno moja.

Nikaenda kwa Mwalimu Langat. Nilikuwa nimejaa hasira, nilikuwa nataka aniambie Daktari ni mwongo basi nirudi nikapigane. Mwalimu akanikalisha kwa sofa, bibi yake akaleta mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na yeye akaingia chumbani akatoka na dictionary. Hiyo kitabu inaweza kuua kondoo. Akavaa miwani. Akatafuta. Akarudi nyuma ukurasa moja.

"Sigei," akaniita kwa jina, "huyu mtu hasemi uongo."

Nikasema haiwezekani.

Akanisomea. Kiingereza ya Uingereza, ile yetu, to table ni kuleta kitu mbele ya mkutano ijadiliwe. Kiingereza ya Amerika, to table ni kuondoa kitu mbele ya mkutano, isijadiliwe kwa sasa.

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nikamwambia anipe nisome mwenyewe. Nikasoma na kidole.

Neno moja. Ukiisema hapa ni kuja, ukivuka bahari ni kwenda. Na bado inaandikwa na herufi zile zile tano! Hapo ndio mdomo ulibaki wazi. Mimi nimefanya biashara miaka mingi na kila aina ya mtu, sijawahi ona mzani inapima kilo moja huku, na huku inapima deni.

Mwalimu sasa akapata moto. Mnajua walimu wa zamani, ukiwapa swali moja wanakupa somo mzima. Akaniambia neno imetoka kwa Kilatini, tabula, na maana yake ilikuwa tu ubao. Ubao wa kuandikia, ubao wa kulia chakula. Kutoka kwa ubao wa kuandikia ikatoka timetable, na table ya hesabu ile nilichapwa nayo, saba mara nane. Na table ya ligi. Na kutoka kwa ubao mdogo ikatoka tablet.

"Tablet ya simu?" nikauliza.

"Ya simu na ya kichwa kuuma. Tablet ni table ndogo."

Nikafikiria kidogo. "Kwa hivyo tablet ni meza ndogo ya kumeza."

Mwalimu alicheka mpaka miwani ikaanguka kwa mursik.

Halafu akasema hata hiyo meza yetu si yetu. Ilikuja na Wareno huko pwani, zamani sana, na sisi tukaipokea na hata Kipsigis ikaipokea. Lakini kumeza, kumeza ni ya Waswahili wenyewe. Ni maneno mawili yamekutana tu njiani yakafanana nguo.

Na mimi hapo ndio nikaona. Sikuambiwa na mtu. Nikamwambia Mwalimu, "Basi sisi tuko na hiyo shida yao kwa neno moja pia. Hoja iko meza. Ni imewekwa mezani, ama imemezwa? Mwingereza anaiweka. Mwamerika anaimeza."

Mwalimu akafunga dictionary. Akasema, "Ungekaa darasani wewe ungekuwa hatari."

Nikamwambia niko hatari hata hivi.

Tukaitisha mkutano wa dharura siku ya pili, hoteli ile ile, chai tena juu yangu. Ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza, watu wanapenda vita. Daktari akaja kwa TV amevaa tai. Akaanza na Kiingereza mingi, precedent, procedure, intention of the mover. Watu wakaanza kuangalia chini. Niliwaona wakipotea mmoja mmoja, na nikajua nikijibu na dictionary nimekwisha. Kwa dictionary yeye ananishinda, hata kama ukurasa uko upande wangu.

Kwa hivyo niliacha dictionary kwa Mwalimu. Nikasimama nikageukia mama mmoja mbele, Mama Chelangat, amechuna majani maisha yake yote.

"Mama, umechuna miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Jani ikifika table unafanyia nini?"

"Nachuna. Utafanyia nini ingine?"

"Na ile haijafika?"

"Naiacha ikue."

"Kuna siku supervisor alikuja akakuambia, mama, hii imefika table, iache mpaka Desemba?"

"Ai!" akasema. "Huyo angefutwa kabla ya saa nne."

Ukumbi ukaanguka. Watu walipiga meza, vikombe vikaruka. Hata wale walikuwa upande wa Daktari walicheka.

Nikangoja ikatulia. Nikageukia TV.

Nikasema, "Daktari, wewe hujasema uongo. Mwalimu amenionyesha kwa kitabu. Huko kwenu table ni kumeza. Lakini kikundi iko Kenya, sheria imeandikwa Kenya, na hawa watu walipiga makofi wakiwa Kenya. Ulituwekea kwa meza. Sisi hatukujua unataka imezwe. Siku kumi na nne ilikuwa hapo, hukusema kitu. Sasa rig iko kwa kiwanja, na kiangazi haijui procedure."

Mwalimu akasoma minutes. Akasoma sheria. Akasema kama katibu, kwa Kiingereza iliyo kwa sheria yetu, hoja ililetwa, haikupingwa, imepita. Akafunga kitabu.

Sura ya Daktari ilikuwa imesimama tu kwa TV. Tukafikiri network imekufa. Halafu tukaona mabega yake yanatingika, kumbe anacheka.

Akaongea Kipsigis. Mara ya kwanza kwa mikutano yote. Sitaweza kuitoa vile alisema, lakini ilikuwa hivi: hata mama yake alichuna, na alikuwa anampeleka shule na hiyo hiyo table. Akasema amekaa mbali mpaka Kiingereza ya nyumbani imempotea. Kuhusu misumari akasema, "Chairman, nilivuka mpaka. Nisamehe."

Nikamwambia nitamuuzia kilo mbili bei ya jamaa.

Lakini mtu wa vitabu hashindwi hivi hivi. Akasema ataweka sahihi, pesa itoke, lakini kwa mita mia moja na sitini tu, vile tulibajeti. Maji ikikosekana hapo, kikundi haiongezi shilingi. Chairman aliyelazimisha ndiye ataongeza, ama shimo ifunikwe.

Ukumbi ukanigeukia.

Nikasema, "Table it."

Wakauliza kwa sauti moja, "Ya wapi?"

"Ya hapa!"

Asubuhi iliyofuata Kamau akaanza kuchimba. Akanionyesha karatasi ya survey, akasema water table iko kama mita mia moja arobaini.

Nikamuuliza, "Kwani maji nayo iko na table?"

Akasema ndiyo, huko chini maji imelala sawa, ukifika hapo umefika. Nikampenda huyo Mwingereza wa zamani aliyeita maji hivyo.

Mama alikuja na kiti yake akakaa mbali kidogo na vumbi. Mkono ule ulivunjika alikuwa ameufunga na leso, bado unamsumbua baridi ikiingia.

Mita mia moja arobaini. Vumbi.

Mia moja hamsini. Vumbi nyeupe, inaruka kama unga wa posho mill.

Mia moja sitini. Vumbi.

Kamau akazima. Ile kimya, wakuu. Kijiji mzima imesimama kwa ua ya shule na mitungi tayari. Kuna mtu tayari alikuwa anapiga picha ya shimo kavu, na nilijua inaenda wapi.

Kamau akanivuta kando. "Mzee, mimi naweza kuendelea, lakini ni elfu sita na mia tano kila mita, maji ipatikane isipatikane. Naweza kukuchimbia mpaka utauza canter. Hiyo sitaki iwe juu yangu."

Mama akaita kutoka kwa kiti. "Weri, mbona imenyamaza?"

"Inapumzika, mama."

"Imepata?"

"Bado."

Akafikiria. "Basi iambieni iendelee. Imefika mbali kurudi bila kitu."

Nikamwambia Kamau awashe.

Mia moja sabini, vumbi. Hapo nilianza kuhesabu kwa kichwa, nikaacha. Mia moja themanini, vumbi, na mimi natabasamu kwa watu kama mtu anajua kitu. Sikujua kitu. Jasho ilikuwa inashuka ndani ya koti. Mia moja themanini na tatu, vumbi ikabadilika rangi, ikawa nzito, ikawa inaanguka karibu badala ya kupeperuka. Kamau akainua mkono.

Mita ya mia moja themanini na saba, shimo ilikohoa.

Halafu ikatapika matope. Halafu matope nyepesi. Halafu maji, wakuu, maji ilipanda juu ya hiyo mashine ikamwagikia kila mtu, wazee, walimu, watoto, Kamau, mimi na koti yangu ya mkutano. Wamama walipiga kemi, ile wimbo ya furaha ya kwetu, mpaka punda zikatoroka. Mwalimu Langat alikuwa anarekodi kwa simu na analia, huku anashikilia simu upande wa nyuma, kwa hivyo Daktari alitumiwa video ya dakika tatu ya sikio la Mwalimu. Alisema ndiyo video nzuri amewahi kuona.

Mama hakukimbia. Aliamka polepole, akaja, akaweka ule mkono wa plasta ya zamani chini ya maji ikawa inapita juu yake.

"Ni baridi," akasema. "Kama ya Litein."

Halafu akaniambia kongoi, ile asante ya kwetu. Mama yangu si mtu wa kusema kongoi kwa watoto wake.

Leo kisima iko na pampu ya jua na tanki mbili. Daktari alikuja Desemba, akakata utepe, mimi nikashika upande mwingine ya utepe. Alikunywa kikombe tatu. Tumekuwa marafiki. Siku hizi kwa mkutano akitaka kusema table, anasema kwa Kiswahili kwanza, na watu wanampigia makofi tu kwa kujaribu.

Silanga sasa ni ya ng'ombe pekee.

Somo yangu, kwa wale wanapenda kubeba kitu nyumbani. Usiogope mtu kwa sababu ya Kiingereza. Hata wenyewe hawajakubaliana. Neno ikikuja na suti, iulize imetoka wapi na huko kwao inamaanisha nini, kabla hujapiga makofi ama kuanza kulia. Mimi sikuuliza, na bahati ilinibeba, na mdomo ikamalizia. Wewe uliza.

Na kama unajua neno ingine kama hii, ambayo inaenda na kurudi kwa mlango moja, iweke hapo chini. Waliosoma mtujibu bila matusi, na wale wa darasa la sita mje mbele, kuna nafasi.

Najua pia kuna mmoja ataniuliza hizo mita za juu zilinitoka ngapi. Zilikuwa ishirini na saba, nililipa zote cash mbele ya mama kabla Kamau hajakunja vyuma vyake, na sijawahi kuomba kikundi irudishe: shilingi laki moja, elfu sabini na tano, na mia tano.